Bomba Lililohamia Langoni

4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko uliko, na zikukute umekaa, maana najua kazi ya kufua mashuka ya hospitali haimpi mtu kiti. Magoti yako yanasemaje siku hizi? Mimi mjomba wako ni mzima kupita kiasi. Juzi daktari wa zahanati alinipima mapigo ya moyo, akaita wenzake waje kusikiliza.

Nimekwisha kuhamia nyumbani kwa mama yako kama ulivyoomba. Nalala chumba cha nyuma. Chumba chake sijakigusa. Asubuhi nafungua dirisha hewa ipite, jioni nafunga, basi. Paa liko salama. Ufa wa jikoni nimeuziba kwa saruji kidogo iliyobaki kwa jirani, na nimeuziba sawasawa hata sasa ukuta mzima unauegemea ule ufa.

Habari ya uani ndiyo mbaya. Tangu siku ile tulipomzika dada yangu, watu walipojaa wakafyeka kila kitu wapate pa kufunga turubai, hapajaota hata jani. Ardhi imekanyagwa mpaka imekuwa sakafu. Nilipiga sururu, ikatoa cheche, na jirani yetu fundi cherehani akaleta jiko lake la mkaa liwake bure. Unamkumbuka huyo, Bi Sindano. Mdomo wake bado unashona bila uzi.

Umesema utakuja Desemba ukipata likizo. Mwaka jana pia ulisema. Sikulaumu, mwanangu, naeleza tu. Nataka kujua kama nitandike kitanda au nisitandike.

Usinipigie simu. Kwenye simu nusu ya maneno nayasahau mimi, nusu inaliwa na salio. Barua naisoma, naikunja, kesho naisoma tena.

Ni mimi mjomba wako, yule uliyebakiwa naye.


11 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Magoti asubuhi yananyamaza, jioni yanasimulia. Mengine yote salama. Nimecheka habari ya daktari mpaka msimamizi wetu akaniuliza nimeona nini ndani ya shuka.

Nikuambie kwa nini mwaka jana sikuja. Likizo nilipewa. Begi nilipakia. Usiku wa kuamkia safari nikawaza nitakavyofungua lile lango nione uwanja mweupe, matundu ya miguu ya viti vya kukodi bado yako ardhini, na Mama hayupo kwenye benchi lake. Nikapakua begi. Asubuhi nikaenda kazini kama kawaida na wenzangu hawakuniuliza kitu.

Siwezi kurudi kwenye uwanja ule. Lakini nikijua asumini lake lipo, na mchaichai, na kile kijia chake kilichopinda, nadhani mguu wangu utavuka.

Nimekuchorea ua wa Mama kama nilivyokuwa nauona. Uko nyuma ya karatasi hii. Anzia kwenye kile kisanduku cha chini. Kushoto kwako, karibu kabisa, kuna asumini na bomba la maji, na mchaichai umezunguka bomba. Kijia kinapinda katikati, halafu mbele kule upande wa kulia ndipo benchi. Nyasi kila palipobaki.

Pesa ya kukutumia sina, nauli yenyewe naidunduliza. Kwa hiyo usinunue kitu chochote. Mama naye hakununua. Kila mche pale uliombwa kwa mtu.

Hapa nilipo ni lami na kuta tu. Chumbani nina kopo moja la udongo, nimepanda kitunguu, na mwenzangu wa chumba akakila.

Mpwa wako.


2 Aprili

Mpwa wangu wa pekee,

Mchoro umefika. Nimeugandisha ukutani kwa ugali wa jana, haubanduki hata kwa upanga. Sasa sikiliza kazi.

Wewe hujui, lakini zamani zile nilipokuwa kwenye malori, tajiri mmoja alinisimamisha barabarani akaniomba nimpangie bustani, kwa jinsi nilivyokuwa nimepanga magunia. Nilipomaliza, nyuki walipiga foleni. Nimemweleza Bi Sindano akaniuliza, "Si ulikuwa utingo wewe? Bustani uliipanga ukining'inia nyuma?" Sikumjibu. Mwanamke wa aina ile ukimjibu umempa kitambaa.

Kwanza udongo. Niliumwagia maji ya kufulia nguo jioni, nikaufunika magunia mabovu, asubuhi nikachimba umelainika. Kila siku kipande kidogo. Nikachanganya samadi ya mfuga mbuzi wa barabara ya nyuma, ambaye alikuwa anatafuta pa kuitupa na akanishukuru, na majani makavu ambayo watu wengine wanayachoma kwa ujinga wao.

Kijia nimekitengeneza kwa vigae vilivyovunjika. Muuza vigae anavirundika nyuma ya duka lake, hajui hata ana nini. Nilipanga rangi kwa rangi, vya bluu katikati. Nyasi nimeruhusiwa na mlinzi wa uwanja wa mpira nichimbe pembeni, zile zinazovamia njia. Nikazichambua shina moja moja, nikazichomeka kwa kijiti zikiachana kiganja. Zinatambaa zenyewe hizo. Siku ya tatu niliacha ndala zangu nje, asubuhi nikakuta nyasi zimezinyanyua.

Kabla ya yote nilikaza kamba na vigingi kufuata mchoro wako. Nilisimama pale kwenye kisanduku, karatasi mkononi, kama mkandarasi. Watu walisimama njiani kutazama.

Jambo moja lilinishangaza. Bomba halikuwa mahali ulipolichora. Nikakaa nikafikiri. Mimi dada yangu nilikuwa namtembelea kwa kupita, lori linaunguruma nje, namsalimia langoni, ananipa chai nimesimama, naondoka. Ndani ya ua huu sijakaa hata jioni moja nzima alipokuwa hai. Wewe umekulia hapa. Kwa hiyo nikajua ni wale mafundi waliokuja baada ya msiba ndio walilihamisha. Mtoto hawezi kukosea bomba la mama yake. Bomba ndilo limekosea.

Basi nimelirudisha. Rafiki yangu fundi bomba alikuwa na vipande vya zamani, tukaviunga, tukachimba mtaro. Kule lilikotoka nimeziba kwa mpira na waya, na kuziba kwangu unakujua. Maji hayo hayatatoka mpaka yaombe ruhusa.

Umesema begi ulipakua. Sitasema kitu juu ya hilo. Nimesema tu kwamba nimelisoma.

Mjomba wako, mkandarasi.


19 Mei

Mjomba,

Shikamoo tena na tena. Nimekusoma kwa sauti, chumba kizima kimekusikiliza. Mwenzangu aliyekula kitunguu anasema unaweza kumpangia hata yeye maisha. Wanaisubiri barua yako kama mchezo wa redio. Ya ndala hawakuiamini, ya ugali wameiamini.

Bomba kuhama sikujua. Kumbe hata bomba halikuachwa. Ahsante kwa kulirudisha, sijui nikuambie nini zaidi.

Niambie asumini umelipata wapi. Na limeshika? Mama alikuwa akilikata jioni moja moja, anaweka kwenye kisahani karibu na mto wangu nikiwa na homa. Huku tunatia mashuka dawa ya harufu, imeandikwa kwenye dumu kuwa ni asumini. Siyo. Kila siku nainusa na kila siku siyo.

Nimeomba likizo ya Desemba. Wamesema watanijibu. Mara hii begi nitalipakia mapema, niliangalie muda mrefu, tuzoeane.

Mpwa wako.


30 Julai

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima na hao wenzako wote wazima, wape salamu, waambie msimulizi anawasalimu bure wala hatozi kiingilio.

Asumini nimelipata kwa Bi Sindano. Kumbe la kwake lilitokana na la mama yako, alipewa kijiti miaka hiyo. Nilimwomba akasema, "Nirekebishie uzio kwanza, halafu unyamaze mchana mmoja." Uzio nilitengeneza. Kunyamaza tulielewana iwe nusu. Akanikatia vijiti vyenye vifundo, nikavichovya kwenye maji ya asali, nikavichomeka kwenye makopo, nikayafunika chupa za plastiki zilizokatwa. Vingi vikafa. Kimoja kikashika. Nimekihamishia pale mchoro unaposema, na sasa kimepanda kigingi kinatafuta pa kushika. Jana kilinishika sikio.

Mchaichai umezunguka bomba. Nyasi zimeshona, nazikata kwa mkasi wa kukopa, wenyewe unajua ni wa nani. Mvua ilikula kipande cha kijia, nikakirudia kwa kokoto chini ya vigae, sasa hata lori lipite. Benchi nimeligonga kwa mbao za kreti za soda. Jioni nakaa pale naosha miguu. Ukikaa hapo dirisha la chumba cha mama yako liko juu ya kichwa chako, na lango unaliona kwa mbali. Naliangalia mpaka giza liingie, kwa sababu jicho la mkandarasi halipumziki.

Mpiga picha wa vitambulisho alipita mtaani nikamkamata. Picha nimeiweka humu. Huyo aliyenyooka kama mlingoti ni mimi. Bi Sindano amejipenyeza pembeni bila mwaliko.

Kila kitu kiko kama ulivyochora. Kila kitu. Sasa nimetandika kitanda.

Mjomba wako.


25 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Nimeiangalia picha siku nyingi kabla ya kukuandikia. Ua ni mzuri, Mjomba. Sikutegemea. Lakini umegeuka.

Kosa ni langu. Mchoro niliuchora kama nilivyokuwa nauona, na mimi nilikuwa nauona nikiwa nimekaa barazani. Kisanduku cha chini ni kizingiti cha nyumba. Wewe umesimama langoni ukakiona ni lango. Kwa hiyo asumini lililokuwa chini ya dirisha la Mama umelipeleka langoni, na benchi lililokuwa langoni umelileta chini ya dirisha. Bomba lilikuwa mahali pake tangu mwanzo. Hakuna aliyelihamisha ila wewe, kwa ajili yangu.

Nilicheka. Halafu nikaenda kwenye chumba cha mashine, kule kwenye kelele.

Benchi lilikuwa langoni kwa sababu alikuwa ananingojea nitoke shule. Nilitaka nikifungua lango nilikute upande wangu wa kushoto bila kutafuta. Nilitaka kulala na dirisha wazi niisikie ile harufu. Ni mambo ya kitoto, najua.

Usihamishe kitu. Umechoka. Kuhusu Desemba, bado hawajanijibu, na mimi sijawauliza tena.

Mpwa wako.


9 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu. Magoti vipi?

Barua nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kusimama barazani na mchoro wako. Kumbe ndivyo. Dada yangu alikuwa anakaa langoni. Sasa nimeelewa kwa nini kila nilipopita na lori nilimkuta pale pale. Nilidhani ananingoja mimi.

Kugeuza ua si kazi. Kuna mwaka tuligeuza daraja zima lililojengwa upande wa kushoto, mimi na mwenzangu, kabla ya chai. Nitaugeuza. Wewe uliza tu hiyo likizo.

Mjomba wako.


21 Oktoba

Mpwa wangu,

Natumaini barua yangu ya mwezi uliopita ilipotea njiani, maana kama ilifika na hukujibu ni jambo jingine.

Mchaichai nimegawanya, nusu nimerudisha barazani. Umekubali. Bi Sindano anauliza kila siku, "Mtoto kasemaje?" Namwambia umesema mengi, lakini ya kifamilia.

Kitanda nimekitandua nikafua mashuka, nikatandika tena. Vumbi tu.

Mjomba.


18 Novemba

Mpwa wangu, mwanangu,

Salamu ziwe nyingi, uzigawe mwenyewe, nina haraka.

Leo asubuhi nimebeba benchi kulirudisha langoni. Lilikuwa zito kwa sababu ni mbao za kreti na misumari mingi, si kwa sababu nyingine. Nimelinyanyua upande mmoja nikaona kitu chini yake. Nikaweka benchi chini polepole.

Ni asumini. Linatoka ardhini chini ya dirisha la mama yako. Si langu, la kwangu liko kule langoni. Nimepiga magoti nikafukua kwa vidole, na lile shina linashuka mpaka kwenye kisiki kilichokatwa kwa panga, kinene kama kiwiko changu. Ni wale waliofyeka siku ya turubai. Walikata juu, mzizi wakauacha.

Nimetafuta maji lilikuwa linayapata wapi. Ni bomba. Pale nilipoziba kwa mpira na waya panavuja. Panavuja tangu Aprili, taratibu, chini ya ardhi. Niandike tena ili usidhani umesoma vibaya: kazi yangu inavuja. Na kwa kuwa benchi lilikaa juu yake, hakuna aliyekanyaga wala kuku aliyeparua. Kama ningesoma mchoro wako kama ulivyotaka, ningechimba pale pale kwa sururu kupanda kile kijiti cha Bi Sindano, na mzizi wa dada yangu ningeutupa kwenye takataka nikijua ni mzizi wa kawaida.

Limefika urefu wa shubiri. Lina majani machache. Halijamnyanyua mtu ndala, halijanishika sikio. Ni jani, na jani, na jani.

Nimemwita Bi Sindano aone, akakaa chini kwenye nyasi na hakusema neno, fikiria. Baadaye nikamwomba aandike kwenye barua hii kwamba ni kweli. Akasema, "Niweke jina langu chini ya maneno yako? Mtoto atasema na mimi umeniharibu." Nikamwambia basi nitatuma jani. Akasema, "Jani atajuaje hukulichuma kwenye lile la langoni?"

Na kweli. Ni mmea mmoja, ukoo mmoja, majani ni yale yale. Nimekaa nikitafuta namna ya kukuonyesha na sijaiona. Miaka yote hii nimekuambia ya simba, ya daraja, ya nyuki wa foleni, umecheka, na mimi nimefurahi ukicheka. Sasa nina hili moja na sijui niliseme kwa mdomo upi.

Jani nimeliweka humu hata hivyo.

Benchi nimelipeleka langoni, upande wako wa kushoto ukiingia. Nimekaa hapo jioni ya leo. Barabara inaonekana mpaka kwenye kona.

Mjomba wako.


6 Desemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Barua zako zote zilifika. Nilikuwa nazibeba kwenye mfuko wa sare, mojawapo ikaingia mashine na mashuka, ikatoka nyeupe.

Jani limefika limekauka. Ni la asumini. La lipi, lenyewe halisemi. Nimelinusa, halina harufu, lakini walau halina ile ya dumu.

Nimeisoma barua yako kwa sauti chumbani kama kawaida. Hawakucheka. Yule mwenzangu akasema, "Huyu mjomba wako leo anaumwa?" Nikamwambia sijui. Halafu nikarudia kuisoma peke yangu, nikaitafuta mahali ulipotia chumvi. Sikupaona. Nikaenda kwa msimamizi nikamuuliza habari ya likizo. Kumbe ilikuwa tayari imetoka, ilikuwa mezani kwake inangoja niulize.

Sijaamini, Mjomba. Nikujue tangu utoto halafu niamini kwa jani moja? Nakuja kuangalia kwa macho yangu.

Basi linafika tarehe kumi na tisa, alasiri. Usije kunipokea stendi. Kaa kwenye benchi, pale langoni, kwa sababu sijui kama nitaweza kufungua likiwa tupu. Bomba liache huko huko ulikolipeleka. Pale panapovuja usipazibe.

Na likitoa ua kabla sijafika, usilichume, wala usiniandikie.

Mpwa wako, ninayekuja kukuumbua.